Onama na Dhahabu ya Kongo: Taarifa Iliyofungiwa Miaka Mitano

Mkaaji wa Arua haoni ajabu kuvuka mpaka. Hutoka mjini asubuhi, akapita Vurra, akaingia Aru upande wa Kongo, na jioni akala chakula chake nyumbani. Koboko nako hukutana nchi tatu, na watu wa kabila moja wamegawanywa na mipaka iliyochorwa na wageni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, si jambo la kushangaza kwamba kadhia kubwa kuliko zote zilizopata kuitikisa Serikali ya Uganda katika miaka ya kwanza ya uhuru ilianzia katika njia hizihizi za West Nile.

Kadhia hiyo ni ile ya dhahabu ya Kongo. Wengi hukumbuka tuhuma zake. Wachache sana hukumbuka kwamba majaji walizichunguza na kutoa uamuzi, na wachache zaidi wanajua uamuzi huo ulikawia kiasi gani kuwafikia wananchi. Hapa tutamtazama hasa mmoja wa waliotuhumiwa, Bwana Felix Onama, mwanasiasa wa Moyo katika nchi ya Wamadi.

Onama alikuwa amekwisha kuonja machungu ya cheo kabla ya hapo. Tarehe 23 Januari 1964, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alikwenda katika kambi ya Jinja kuzungumza na askari waliokuwa wakidai nyongeza ya mshahara. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu askari wa Tanganyika waasi. Waziri alizuiliwa kambini na askari wake mwenyewe mpaka akakubali madai yao. Kuna walioliona jambo lile kuwa udhaifu. Mimi naona kwamba mtu aliyezungukwa na bunduki hana nafasi kubwa ya kubishana juu ya shilingi.

Mwaka huohuo Kongo iliwaka moto. Waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville mwezi Agosti 1964, na mwezi Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakauvamia. Waasi wakasukumwa kuelekea kaskazini-mashariki, yaani kwenye mpaka wetu. Sehemu hizo ndizo zenye dhahabu, hasa Watsa, na pembe za ndovu hazikukosekana. Serikali ya Waziri Mkuu Milton Obote iliwaonea huruma waasi hao na kuwasaidia, na kazi ya kuwa kiungo baina yao na Uganda alipewa Kanali Idi Amin, Naibu Mkuu wa Jeshi, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa Koboko. Msaada huo ulikuwa wa siri, lakini siri ya mpakani haikai. Tarehe 13 Februari 1965 ndege za Kongo ziliangusha mabomu huko Paidha na Goli, na mwezi Mei mwaka huohuo Wakenya wakakamata malori yenye silaha za Kichina yaliyokuwa yakitoka Tanzania kuja Uganda.

Basi tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa ziarani Kaskazini, Mbunge Daudi Ocheng alisimama Bungeni. Ocheng alikuwa Mwacholi, lakini alikuwa kiongozi wa chama cha Kabaka Yekka na rafiki wa Kabaka mwenyewe. Alionyesha nakala ya hesabu ya benki ya Amin: shilingi 340,000 zilikuwa zimeingia katika muda mfupi mwezi Februari 1965. Akadai kwamba Obote, Onama na Waziri Adoko Nekyon walikuwa wamegawiwa mali ya Kongo, tena kwamba kulikuwa na njama ya kuipindua Katiba. Bunge likapitisha hoja ya kumsimamisha Amin kazi ili achunguzwe. Mbunge aliyepinga alikuwa mmoja tu, John Kakonge.

Hapa yafaa tuitazame ile hesabu ya benki, kwa maana ndiyo kiini cha mambo yote. Amin hakukana kwamba fedha zilipita mkononi mwake. Alieleza kuwa zilikuwa za waasi, za kuwanunulia mahitaji yao. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini akina mama wanaotunza fedha za chama chao cha akiba wataelewa taabu yake upesi kuliko wanasiasa: fedha ya wote ikichanganywa na fedha ya mmoja, katika mkoba mmoja, bila daftari wala stakabadhi, mwenye mkoba hata asipokula senti moja hana la kuonyesha siku ya kuulizwa. Na aliye mkubwa wake, kama alivyokuwa Onama kwa jeshi, hupakwa matope yaleyale, kwa kuwa watu husema hawezi kukosa kujua.

Mambo yalikwenda mbio. Tarehe 22 Februari mawaziri watano, wakiongozwa na Grace Ibingira, walikamatwa wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Siku mbili baadaye Obote aliisimamisha Katiba. Amin hakusimamishwa; alikabidhiwa uongozi wa jeshi. Tarehe 24 Mei jeshi likaishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo.

Katikati ya kishindo hicho ilikaa Tume ya Uchunguzi. Mwenyekiti wake alikuwa Sir Clement de Lestang wa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, pamoja na jaji mmoja kutoka Kenya na mwingine kutoka Tanzania. Kuchagua majaji wa nje lilikuwa jambo la busara, maana hakuna Mganda wakati ule ambaye angeaminiwa na pande zote mbili. Tume ilisikiliza mashahidi, wakubwa na wadogo, na ikaona kwamba tuhuma dhidi ya Obote, Onama na Nekyon hazikuthibitishwa.

Mtu angedhani kwamba Serikali ingeitangaza taarifa hiyo siku ileile, katika redio na magazeti. Haikutangazwa. Mawaziri watano walikuwa kizuizini, na wakosoaji walikuwa tayari kusema kwamba Tume iliyokaa huku watuhumiwa wakitawala na wapinzani wao wakiwa gerezani haiwezi kumsafisha mtu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jibu lake lilikuwa kuutoa ushahidi wote hadharani, neno kwa neno, kila mtu ajisomee. Kwa kuificha taarifa iliyowatakasa, wakubwa wale waliwafanya watu waamini kwamba iliwatia hatiani.

Onama aliendelea kupanda. Akawa Waziri wa Ulinzi na Katibu Mkuu wa chama cha UPC, lakini minong'ono ya dhahabu ilimfuata. Kisha ikazuka hesabu nyingine: mapema Januari 1971, Obote, akijitayarisha kwenda Singapore, aliwataka Onama na Amin waeleze habari za shilingi zipatazo milioni 40 za Wizara ya Ulinzi ambazo wakaguzi hawakuridhika nazo. Maelezo hayo hayakupata nafasi ya kusikilizwa. Tarehe 25 Januari 1971 Amin alitwaa Serikali.

Siku tatu baadaye wafungwa 55 wa siasa waliachiliwa, miongoni mwao Ibingira na wenzake. Na mwaka huohuo Serikali mpya ikaipiga chapa ile taarifa ya Tume, pamoja na ushahidi wake. Hivyo jina la Onama lilisafishwa hadharani na mkono wa mtu yuleyule ambaye hesabu yake ya benki ndiyo iliyolichafua, wakati ambapo yeye mwenyewe hakuwa tena na wizara wala chama. Mshtaki naye hakuisoma. Saratani ilimuua mwezi Juni 1966, na jalada la taarifa linamtaja kama marehemu Daudi Ocheng.