Diski ya Nje Ikionyesha Nafasi Pungufu, Isifutwe Kwanza

Mkazi anayenunua diski ya nje ya terabaiti 4 ili kuhifadhi rekodi za chama au picha za harusi huenda akaichomeka kwenye kompyuta na kuona 3.63 pekee. Hajaibiwa. Watengenezaji huhesabu terabaiti moja kuwa baiti trilioni 1, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 kila hatua badala ya 1,000. Ndiyo maana diski ya terabaiti 1 husomeka gigabaiti 931.

Tatizo lipo pale diski ya 4 inapokwama kwenye 2. Mara nyingi huwa imepangwa kwa mfumo wa MBR, wa miaka ya 1980, ambao hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. Nafasi iliyobaki ipo, ila kompyuta haina njia ya kuifikia. Ili kuthibitisha, mtumiaji wa Windows abofye alama ya Start kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha achague Disk Management. Sehemu yenye mstari mweusi iliyoandikwa Unallocated ndiyo nafasi isiyotumika.

Dawa ni kuhamia mfumo wa GPT, na hapa ndipo watu hupoteza mali. Disk Management haikubali mabadiliko hayo mpaka sehemu zote za diski zifutwe, pamoja na kila kilichomo. Kwa hivyo faili zinakiliwe kwanza kwenye diski nyingine, na zifunguliwe huko kuona kama zinasomeka. Fundi akisema ni kazi ya dakika mbili tu, aulizwe nakala iko wapi.

Diski ya terabaiti 3 ikionyesha gigabaiti 746, lawama huenda ni ya kasha au adapta kuukuu ya USB. Ijaribiwe kwa nyingine, na isiandikwe chochote kabla ya hapo, kwani faili mpya zinaweza kufunika za zamani.

Kuna pia diski zinazodanganya kinyume. Ile ya "terabaiti 16" inayouzwa kwa bei ya flashi mara nyingi huwa na kadi ndogo ndani. Ikijaa, majina ya faili huonekana lakini hazifunguki. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski tupu na kuisoma upya. Kwa diski kubwa huchukua saa nyingi, lakini ni heri kuifanya wakati muuzaji angali anapokea bidhaa iliyorudishwa.