Deni Likilipwa, Daftari Nalo Lisahihishwe

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi hiyo mitatu mvuvi wa Chienge au Nchelenge huishi kwa akiba yake, na asiye na akiba huishi kwa mkopo. Mwezi Machi unapokaribia, nyavu huhitaji kushonwa na mitumbwi kuzibwa. Hapo ndipo mkopo mwingine hutafutwa, na hapo ndipo mwananchi aweza kugundua kwamba deni alilokwisha kulimaliza bado linamfuata.

Jambo hili huwashangaza wengi. Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipa hujiona amekwisha kupona. Lakini siku hizi deni huandikwa mahali pawili. Kwanza, huandikwa katika daftari la mkopeshaji. Pili, huandikwa katika kumbukumbu za wakala wa taarifa za mikopo. Wakala huyo hupokea habari za wakopaji kutoka mabenki na makampuni ya mikopo, kisha huzitoa kwa mkopeshaji mwingine anayetaka kujua kama mwombaji ni mtu wa kuaminika. Nchini Zambia kazi hiyo inatawaliwa na Sheria ya Taarifa za Mikopo, namba 8 ya mwaka 2018, chini ya usimamizi wa Benki Kuu.

Fedha zinapolipwa, daftari la kwanza hufungwa. Daftari la pili hubaki vile vile mpaka mkopeshaji apeleke habari mpya. Mambo huwa magumu zaidi pale deni linapokuwa limekabidhiwa kwa wakusanya madeni. Mkopaji humlipa mkusanyaji, mkusanyaji huchelewa kumwarifu mwenye fedha, na mwenye fedha naye husahau kumwarifu wakala. Pengine deni moja huonekana mara mbili, kwa jina la mkopeshaji wa kwanza na kwa jina la mkusanyaji, kana kwamba mtu huyo alikopa kotekote.

Kwa hiyo hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni kosa. Kama deni limelipwa na kumbukumbu bado yasema halijalipwa, au kama limeandikwa mara mbili, huo ni uongo, na mwananchi anayo haki ya kudai usahihishwe. La pili ni historia. Kama mkopaji kweli alichelewa na baadaye akalipa, kumbukumbu itabadilishwa iseme kuwa deni limelipwa, lakini habari ya kuchelewa yaweza kubaki kwa muda.

Nchi mbalimbali zimeweka muda huo kwa kadiri zilivyoona inafaa. Nchini Kenya, habari mbaya huhifadhiwa kwa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Marekani, ambako sheria ya taarifa za mikopo ilitungwa mwaka 1970, deni lililopelekwa kwa wakusanyaji huweza kuonekana kwa miaka 7. Hata hivyo muda huo si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwezi Julai 2022, mawakala watatu wakubwa wa Marekani walianza kuyaondoa kabisa madeni ya matibabu yaliyokwisha kulipwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwasaidia watu waliokwama na mikopo midogo ya simu, ambao wakopeshaji walitakiwa kuwapunguzia deni kwa angalau nusu ili wapate kulipa na kusafisha majina yao. Ni dhahiri, basi, kwamba serikali na wakopeshaji wakitaka, njia hupatikana.

Je, mwananchi wa pwani ya Mweru afanye nini? Mali bila daftari hupotea bila habari, na malipo bila stakabadhi ni hivyo hivyo. Alipe kwa njia inayoacha ushahidi, na asimkabidhi mkusanyaji fedha taslimu bila karatasi. Akimaliza, adai barua inayosema wazi kuwa deni limekwisha, ikiwa na tarehe, kiasi na namba ya mkopo. Kisha aombe nakala ya taarifa zake mwenyewe na kuisoma kabla ya kuomba mkopo mwingine. Akikuta kosa, aandike malalamiko kwa wakala na kwa mkopeshaji pia, aambatanishe nakala za stakabadhi, na karatasi zenyewe azihifadhi nyumbani. Asiposikilizwa, apeleke shauri lake Benki Kuu.

Kadhalika, ajihadhari na matapeli wanaoahidi kufuta rekodi kwa malipo. Kosa laweza kusahihishwa na mwenyewe kwa barua, na habari ya kweli haiwezi kufutwa na mtu wa barabarani.

Lakini si haki kumtwika mkopaji mzigo wote. Kutoka Chienge hadi Lusaka ni safari ndefu, na nauli yake ni fedha ambazo zingenunua nyavu. Mkopeshaji aliye mwepesi kupeleka jina la mdaiwa hana budi kuwa mwepesi vile vile kupeleka habari kwamba amelipa. Taarifa za mikopo ziliwekwa ili mtu mwaminifu atambulike. Zikimwacha aliyelipa katika kundi moja na aliyekataa kulipa, zitakuwa zimewafundisha wananchi kwamba uaminifu hauna faida, na hasara ya somo hilo itawarudia wakopeshaji wenyewe.