Tuikosoe Nguo, Tusimvue Mvaaji

Katika arusi niliyohudhuria Sudi, mji mkongwe wa wavuvi uliojikunja kando ya ghuba yake kati ya Lindi na Mikindani, bibi arusi hakukanyaga mchanga. Akina mama walimtandikia kanga tangu kizingiti cha nyumba hadi penye jamvi aliloandaliwa. Kila alipopita, kanga za nyuma ziliokotwa upesi, zikakung'utwa na kutandikwa tena mbele yake. Njia ile haikuzidi hatua thelathini, lakini ilimchukua karibu nusu saa kuimaliza, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na vigelegele vyake, na kila jicho lilikuwa na neno lake. Mshono wa kifuani ulitazamwa, urefu wa shela ulipimwa, na hata hina ya miguuni haikusalimika.

Uani, karibu na masufuria ya pilau, vijana walikuwa wameizunguka simu. Walikuwa wakitazama picha za wasanii wetu wakiingia ukumbini katika usiku wa tuzo, wakipita juu ya zulia jekundu mbele ya wapiga picha. Huyu alipewa sifa, yule akatiwa kasoro. Gauni la mmoja lilifananishwa na chandarua, suti ya mwingine ikaitwa pazia la hoteli. Nilicheka pamoja nao.

Kisha ikaja picha nyingine, nayo haikutoka Dar es Salaam. Ilikuwa ya binti wa nyumba ile ile, mwenye umri wa miaka kumi na saba, aliyepigwa kwa siri muda mfupi kabla, akiwa amevaa gauni la kijani lenye bega moja. Ilikwisha kusambazwa kwa vijana wa mtaa mzima, na maneno yaliyoandikwa chini yake hayakulihusu gauni, bali mwili wake. Nilipomwona tena binti yule alikuwa amejifungia chumbani, amejifunga kanga ya mama yake, na gauni limekunjwa chini ya mto.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, kuitazama nguo ya mtu na kuitolea hukumu ni kosa, au ni haki ya kila mwenye macho? Na kama ni haki, mpaka wake uko wapi?

ZULIA NA WAAMUZI WAKE

Zulia jekundu la wasanii halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1922 lilitandikwa mbele ya jumba la sinema la Egyptian, Hollywood, katika uzinduzi wa filamu ya Robin Hood. Mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru wetu, likaingia katika sherehe za tuzo za Oscar. Waamuzi nao hawakuchelewa. Mshonaji mmoja wa Marekani aliyejiita Mr. Blackwell alianza mwaka 1960 kutoa orodha ya wanawake mashuhuri waliovaa vibaya kuliko wote, na katika miaka ya 1990 mchekeshaji Joan Rivers alisimama kando ya zulia na kipaza sauti, akiwauliza wapitao wamevaa nguo ya nani. Kukosoa mavazi kukawa biashara yenye faida.

Kwetu, Tuzo za Muziki Tanzania zilianza mwaka 1999, zikasimama baada ya mwaka 2015 na kurejea mwaka 2022. Wabunifu wa mavazi nao walipata jukwaa lao mwaka 2008, Mustafa Hassanali alipoanzisha maonyesho ya Swahili Fashion Week. Leo msanii wa Tanzania hushuka garini akijua kwamba kabla hajafika kwenye kiti chake, watu wa Kigoma na wa Sudi wamekwisha kumpitishia hukumu.

Hukumu hizo hazikosi kukosea. Mwaka 2001 mwanamuziki Björk wa Iceland alifika kwenye Oscar na gauni lenye umbo la bata maji, shingo ya ndege huyo imezungushwa shingoni mwake. Alichekwa dunia nzima. Mwaka 2015 gauni lile lile liliwekwa katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini New York, watu wakalitazama kwa heshima. Mwaka 2007 Flaviana Matata wetu alikwenda Mexico kuiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Miss Universe akiwa na kichwa kilichonyolewa, jambo ambalo macho ya mashindano hayo hayakulizoea. Aliingia katika kumi bora. Jicho la mwanadamu hupenda lilichokizoea, nalo hukiita kigeni kibaya kabla halijakichunguza.

NGUO NA UTU

Hata hivyo pwani yetu ina sababu yake ya kulitazama jambo la nguo kwa uzito. Katika karne ya 19 misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilishusha watumwa Kilwa Kivinje na katika bandari nyingine za kusini. Zama zile nguo ilikuwa hati ya mtu. Mtumwa alijifunga kaniki au kipande cha merikani. Kilemba, viatu na ushungi vilikuwa alama za waungwana. Merikani yenyewe, kama jina lake linavyotangaza, ililetwa na merikebu za Marekani, hasa zile za bandari ya Salem, na pamba iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini ya nchi ile ilichumwa na watumwa wa kusini yake. Mtumwa wa huko alichuma, mtumwa wa huku akavaa.

Ndiyo maana utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, nguo ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyabadilisha wanawake walioachwa huru. Waliiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi. Kanga ilikuwa imetokana na leso: akina mama walinunua vitambaa sita vilivyoungana, wakavikata vitatu vitatu na kuviunganisha kwa mshono. Baadaye ikapigwa chapa nzima nzima, ikiwa na pindo lake, mji wake na jina lake. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, tulijivunia kuona nguo zikitoka katika mitambo ya taifa letu wenyewe. Kanga ikawa vazi la mke wa waziri na la mchoma samaki.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Mwezi Machi 2014 alipita juu ya zulia la Oscar kwa gauni la samawati lililoshonwa na nyumba ya Prada, akaeleza kwamba rangi ile ilimkumbusha Nairobi. Waandishi wa mitindo walilisifu gauni kwa wepesi wake na kwa mikunjo yake. Lakini usiku ule alitunukiwa kwa kumwigiza Patsey, mtumwa mchuma pamba wa Louisiana, katika filamu ya 12 Years a Slave. Mtu wa pwani hii aliyesimuliwa na wazee wake habari za merikani aliona katika picha ile jambo ambalo Hollywood haikuliona: uzi uliotoka katika mashamba kama ya Patsey ndio uliofumwa nguo za watumwa waliopita Kilwa.

Wala tusidanganyike kwamba vazi zuri peke yake humpa mtu heshima. Mwaka 1940 Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Oscar, alihudhuria sherehe akiwa amependeza, maua meupe yamepamba nywele zake. Meza yake iliwekwa kando, mbali na wenzake weupe walioigiza naye. Nguo haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika macho yaliyomtazama.

TULIPOUVUKA MPAKA

Sisi wenyewe tumewahi kuuvuka mpaka, na gazeti la chama halina budi kuyasema hayo bila kificho. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana zilipigwa vita mjini Dar es Salaam. Shabaha ilikuwa kuulinda utamaduni wa taifa changa, na mjadala wake ulijaza kurasa za magazeti. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo kuwadia, makundi ya vijana yalikwisha kuwavamia wanawake huko Kariakoo, wakiwazomea na hata kuwachania nguo. Wakati huo huo, kule Arusha, Wamaasai walikuwa wakihimizwa kuiacha lubega na kuvaa suruali. Basi msichana wa mjini alilaumiwa kwa kuvaa kigeni, na Mmaasai akalaumiwa kwa kuvaa kienyeji.

Nia ya kulinda heshima ilikuwa njema. Lakini mtu anayemvua mwenzake nguo njiani kwa kisa cha heshima amekwisha kuipoteza ile heshima anayoipigania. Leo mikono haichani nguo Kariakoo. Kidole kimoja juu ya simu kinatosha kumvua binti mbele ya maelfu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumsumbua au kumtia uchungu. Lakini sheria hufika baada ya machozi, na malezi ndiyo yapaswayo kutangulia.

MTANI NA MPITA NJIA

Malezi hayo tunayo. Wazee wetu waliwaachia baadhi ya watu ruhusa ya kucheka mavazi ya wenzao, na ruhusa hiyo iliitwa utani. Bibi humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, na kabila moja hutaniana na jingine. Lakini mtani ana wajibu. Hukucheka usoni pako, nawe una haki ya kumrudishia. Na siku ya msiba, yule yule aliyeicheka kofia yako ndiye huja kusaidia mazishi yako. Kicheko chake kina dhamana. Mcheka watu wa kwenye simu hana dhamana: hakujui, hakuoni, na hatakuzika.

Niliyashuhudia hayo siku ile ile. Bibi wa yule binti alipopata habari aliingia chumbani, nami nilikuwa nimekaa kizingitini.

"Shikamoo, bibi," binti alisema bila kuinua uso.

"Marahaba, mke mwenzangu. Hebu nilione hilo gauni lililoutia mtaa wazimu."

Gauni lilitolewa chini ya mto. Bibi hakulitazama kwanza kwa nje. Aligeuza ndani nje, akaipapasa bitana, akaufuata mshono kwa kidole tangu kwapani hadi kwenye pindo, kisha akauliza fundi ni nani. Binti akajibu kwa sauti ndogo kwamba ameshona mwenyewe kwa cherehani ya shangazi yake, na kwamba hilo lilikuwa gauni lake la kwanza. Chumba kilinyamaza.

"Mkono wako umenyooka kunishinda," bibi alisema hatimaye. "Lakini bega umelipima ukiwa umekaa, ndiyo maana likalegea. Lete sindano."

Alipokwisha kulirekebisha bega alimwita kijana aliyepiga picha, mjukuu wake vilevile. Hakumpigia kelele. Alimuuliza alichokuwa akikosoa ni gauni au ni dada yake. Kijana alikosa jibu. "Anayekosoa gauni huja na sindano," bibi akamwambia. "Wewe umekuja na nini?" Picha ilifutwa mbele yetu katika simu iliyoipiga. Zile zilizokwisha kwenda katika simu za wengine hazikurudi.

Ndugu wazazi, si lazima tuwakataze watoto wetu kutazama usiku wa tuzo, wala kusema kwamba vazi hili limependeza na lile halikupendeza. Jicho linalojua kuchagua ni elimu. Tuwafundishe tu kuuliza kama alivyouliza bibi yule. Je, nguo hii inaifaa shughuli iliyovaliwa? Mshono wake ukoje, na kitambaa kimekatwaje? Nani aliyeishona? Swali hili la mwisho hatulizoei, ingawa wahenga wa pwani yetu ya majahazi walituusia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunalijua jina la msanii na la gari lililomleta, lakini fundi wa Kariakoo au wa Lindi aliyekesha na taa akilipinda pindo la gauni lake hatajwi na mtu.

Jioni ngoma ilipoanza, binti alitoka na gauni lake la kijani. Baadhi ya vijana walinong'ona. Mama mmoja kutoka mtaa wa pili alimvuta kando, akaligusa bega, akauliza fundi wake anapatikana wapi, kwa kuwa naye ana mtoto anayetarajiwa kuolewa mwezi ujao. Binti alisita kidogo, kisha akajionyesha kifuani kwa kidole.