Kyumbi na Kiumbe: Juu ya Hoja za Kuwako kwa Mungu

Katika Chasu, lugha ya Wapare, Muumba wa vitu vyote huitwa Kyumbi. Jina hili halikuletwa na wahubiri. Watu walikuwa nalo kabla ya wamisionari wa Leipzig kufungua kituo chao cha Shighatini, katika Upare wa Kaskazini, mwaka wa 1900. Shina lake ni umba, lile lile la Kiswahili. Mpare wa Maore, atumiaye lugha zote mbili, huyasikia maneno Kyumbi na kiumbe kama ndugu wawili. Lakini ndugu hawa hawafanani kwa kila jambo, na tofauti yao ndogo yafaa iangaliwe.

Maneno kadha wa kadha yaliyotoka katika vitendo huonyesha kwa irabu ya mwisho kama anayetajwa ni mtenda au mtendwa. Mshindi ni yule aliyeshinda, na mshinde ni yule aliyeshindwa. Mtume ni yule aliyetumwa. Vivyo hivyo Kyumbi, kwa i, ni mwenye kuumba. Kiumbe, kwa e, ni kilichoumbwa. Basi mtu aweza kusema kwamba lugha yenyewe imekwisha kutoa ushahidi: kama kiumbe kiko, Kyumbi naye hana budi kuwako, kwa maana hakuna mshinde pasipo mshindi.

Hoja hii yapendeza masikioni, lakini haisimami. Ni kweli kwamba hakuna mshinde pasipo mshindi. Bali lazima kwanza ijulikane kwamba palikuwa na shindano. Mtu auitaye ulimwengu kiumbe amekwisha kulikubali jambo lile lile ambalo mwenziwe anataka lithibitishwe. Jina laonyesha yale watu waliyoyasadiki. Halionyeshi kwamba waliyoyasadiki ni kweli. Tukitaka kulijua hilo, yatupasa kuiweka sarufi kando na kuvitazama vitu vyenyewe.

Tuanze na maji. Wakulima wa Upare tangu kale hujenga ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji mlimani. Usiku hujazwa, na mchana hufunguliwa ili maji yashuke kwa mifereji mpaka mashambani. Mtu akiuliza maji ya shamba yatoka wapi, ataambiwa, katika mfereji. Na ya mfereji, katika ndiva. Na ya ndiva, katika kijito. Na ya kijito, katika chemchemi. Mfereji hauna maji ya kwake. Ukiurefusha mara elfu, hautatoa hata tone moja pasipo chanzo. Kwa mfano huu twaweza kuifahamu fikira ya Ibn Sina, aliyekufa mwaka wa 1037, na ya Thomas Aquinas, aliyekufa mwaka wa 1274. Vitu tuvionavyo, walisema, havina kuwako kwa nafsi zao. Kila kimoja kimekupokea kutoka kwa kingine. Basi lazima awepo Mmoja asiyepokea kwa mtu, naye ndiye chanzo cha wote.

Lakini mpinzani atasema kwamba mfano huu wamgeukia mwenyewe aliyeuleta. Maji ya upande wa Maore huingia mto Mkomazi. Mkomazi huingia Pangani, na Pangani huingia baharini. Bahari hutoa mvuke, mvuke huwa wingu, na wingu likipanda Shengena, kilele chenye mita 2,462, huwa mvua. Ni duara, wala duara halina mwanzo. Kila sehemu imeelezwa kwa ile iliyoitangulia. Kwa nini basi tutafute chanzo cha jumla yake? Mwaka wa 1948 Bertrand Russell, akijadiliana na padre Frederick Copleston katika redio ya BBC, alishika njia iyo hiyo: ulimwengu uko tu, na kuuliza sababu ya jumla yake ni swali lisilo na maana. Mtetezi naye hujibu kwamba hata duara lile haliendi lenyewe, bali huendeshwa na jua. Na aliyekwisha kueleza sehemu zote bado hajaeleza kwa nini kuna chochote badala ya kutokuwako kitu. Hapo ndipo njia zao zinapoachana mpaka leo.

Hoja ya pili ni ya mfinyanzi. Tukiona chungu njiani hatusemi kwamba udongo ulijikunja wenyewe. William Paley, mwaka wa 1802, alitoa mfano wa saa iliyookotwa mbugani kwa maana iyo hiyo. Lakini katika kitabu cha David Hume, kilichochapwa mwaka wa 1779, wapinzani walikuwa wamekwisha kupewa jibu: wafinyanzi tumewaona wakifinyanga, bali hakuna aliyeuona ulimwengu ukifinyangwa. Kisha Charles Darwin, mwaka wa 1859, alionyesha jinsi viumbe vyenye uhai vinavyoweza kupata maumbo yavifaayo pole pole, kizazi baada ya kizazi. Katika misitu ya Upare Kusini kuna ndege mdogo mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho, ambaye wataalamu humwita Zosterops winifredae. Hapatikani mahali pengine po pote duniani. Twaweza kumweleza kwa habari ya mlima uliomtenga na ndugu zake kwa muda mrefu. Mwenye kuamini aweza kuyakubali yote hayo, akauliza tu kanuni hizo zenyewe zimetoka wapi. Lakini hapo ameiacha hoja ya chungu na kuirudia ile ya chemchemi.

Imebaki hoja iliyo nzito kuliko zote, nayo ni ya upande wa kukana. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2009, mvua kubwa ilinyesha katika Mamba Myamba, wilaya ya Same. Mteremko wa mlima ukaporomoka katika kitongoji cha Goha, ukafunika nyumba. Watu zaidi ya 20 wakafa, na watoto miongoni mwao. Kama Kyumbi aweza yote na ni mwema, mbona hakuuzuia udongo? Wengine hujibu kwamba mlima hufuata kanuni zake, na kanuni hizo hizo ndizo ziletazo mvua ya mavuno. Wengine hutaja dhambi na uhuru wa wanadamu. Lakini mtoto mchanga alikuwa amechagua nini? Majibu haya hupunguza uzito wa hoja, hayauondoi. Lakini na tuseme kwa haki kwamba hoja hii haigusi kuwako kwa mwumbaji ye yote. Mfinyanzi aweza kuvivunja vyungu vyake. Yagusa wema wake. Ni maswali mawili, na hoja ya chemchemi, hata ikisimama imara, yajibu moja tu.

Hapa lugha yarudi kutufaa. Neno letu yuko lina maana mbili: kwamba mtu hakukosa kuwako duniani, na kwamba yu mahali fulani, karibu au mbali. Wanafalsafa huuliza, "Yuko?" Mama aliyefiwa huuliza, "Yuko wapi?" Maneno ni karibu sawa, lakini swali si lile lile. Mtu akienda msibani na kumjibu mama huyo kwa hoja za chanzo cha kwanza, amemjibu asiyoyauliza. Na yule amwambiaye kwamba swali lake halina maana, naye hakumsikia. Mwenye kuamini na mwenye kukana, kila mmoja anawiwa na mama huyo jibu la swali lake mwenyewe, na kabla ya jibu anawiwa kukaa naye.