Umma Ulipodai Jina Lake

Walimu wengi wanapofundisha kuporomoka kwa tawala za Kikomunisti za Ulaya Mashariki mwaka wa 1989, huanzia Ukuta wa Berlin. Picha ya vijana waliosimama juu ya ukuta ule inapendeza, tena ni rahisi kukumbukwa siku ya mtihani. Hata hivyo, kabla ya ukuta kuanguka, lilianguka jambo jingine, nalo ni itibari ya maneno ya watawala. Huko ndiko ninakoona kwa kuanzia, labda kwa sababu kazi yangu ni lugha.

Ujerumani Mashariki ilijiita Jamhuri ya Kidemokrasia. Bunge lake lilikuwa Baraza la Umma, askari wake Polisi wa Umma, na viwanda vyake mali ya umma. Chama kilichoongozwa na Erich Honecker tangu 1971 kilikuwa kimelihodhi neno hilo, ilhali umma wenyewe haukuulizwa lolote. Siku ya uchaguzi mpiga kura alikabidhiwa orodha moja ya majina, akaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Aliyethubutu kuingia katika kibanda cha siri alijitia mashakani. Ndiposa watu, wakizungumza wao kwa wao, walisema kwa kejeli kwamba wanakwenda “kukunja karatasi”. Wakenya wanaoukumbuka mlolongo wa 1988 hawahitaji kufafanuliwa kejeli hiyo.

Katika uchaguzi wa mabaraza ya mitaa wa tarehe 7 Mei 1989, serikali ilitangaza kwamba orodha yake imepata asilimia 98.85. Safari hii raia walikuwa wamesimama vituoni kushuhudia hesabu, haki ambayo sheria iliwapa, wakaona kwamba kura za kupinga zilizidi zile zilizotangazwa. Uwongo uliozoeleka sasa ulikuwa na tarakimu za kuuumbua.

Kisha ikaja Leipzig. Kila Jumatatu, baada ya sala katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, watu waliandamana. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba walifika wapatao 70,000, nao walijua vyema yaliyowapata wanafunzi wa Beijing mwezi wa Juni. Vikosi vya usalama vilikuwa tayari. Waandamanaji walipaza sauti: “Sisi ndio umma!” Hapakurushwa risasi. Sidai kwamba kauli moja ndiyo iliyozuia bunduki. Moscow ya Gorbachev haikuwa tayari kuleta vifaru, na wakuu wa Leipzig wenyewe walisita. Lakini Polisi wa Umma angempiga nani risasi, ikiwa aliye mbele yake ndiye umma? Siku tisa baadaye Honecker aling'olewa, na tarehe 9 Novemba mipaka ikafunguliwa.

Baada ya hapo kauli ilibadilika. Mitaani pakaanza kusikika: “Sisi ni umma mmoja!” Kijerumani kilibadilisha kineno kimoja tu, Kiswahili chatulazimu kutoka “ndio” hadi “ni”, na mwanafunzi wa sarufi atatambua uzito wake. “Ndio” inatenga: sisi, wala si nyinyi watawala. “Ni … mmoja” inaunganisha: sisi na ndugu zetu wa Magharibi. Kauli ya kwanza ilidai mamlaka. Ya pili ilidai kuungana na dola nyingine iliyokuwa tajiri na yenye sarafu imara.

Katika uchaguzi huru wa tarehe 18 Machi 1990, zaidi ya asilimia 93 ya wapiga kura walijitokeza. Muungano wa vyama vilivyotaka nchi hizo ziunganishwe haraka ulipata takribani asilimia 48. Wanaharakati waliothubutu kusema mwaka wa 1989, waliokusanyika chini ya Muungano wa 90, waliambulia asilimia 2.9. Wapo wanaosema walisalitiwa. Mimi sikubaliani nao, maana kura ilikuwa ya siri na umma ulichagua ulichokitaka.

Nchi hizo ziliungana tarehe 3 Oktoba 1990. Ile iliyoitwa mali ya umma iliwekwa chini ya shirika moja lililopewa jukumu la kuiuza. Viwanda vingi vilifungwa, na mamilioni ya wafanyakazi wakapoteza kazi walizokuwa nazo. Katika uuzaji huo, kwa mara nyingine, umma haukuulizwa.