Mohamed Amin, Mpiga Picha wa Vita

Vijana wetu huniuliza mara kwa mara kama kupiga picha ni kazi ya kumlisha mtu. Mimi huwajibu kwa habari za Mohamed Amin wa Kenya.

Bwana huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akasoma Dar es Salaam. Alianza na kamera kuukuu ya sanduku, akajifunza kazi angali mwanafunzi. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix huko Dar es Salaam, kisha akaihamishia Nairobi.

Hakuwa askari, lakini alikwenda walikokwenda askari. Mwaka 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Kazi hiyo ina masharti matatu. Kwanza, mtu asogee karibu, maana picha ya mbali huonyesha moshi, haionyeshi uso. Pili, picha itoke upesi na salama. Iliyonyang'anywa njiani ni sawa na isiyopigwa. Tatu, iandikwe ni nani, wapi na lini, la sivyo watu wataisemea wapendavyo.

Masharti hayo yana gharama. Mwaka 1966 Amin alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima. Juni 1991, huko Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka. Mwenzake John Mathai, mshika vyombo vya sauti, akafa, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Lakini faida yake nayo ilionekana. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia, pamoja na maelezo ya Michael Buerk wa BBC, ziliamsha dunia nzima kutoa msaada.

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege aliyopanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 kati ya 175 walikufa, naye akiwamo. Hata hivyo ujuzi wake haukuzama. Vijana walikuwa wamejifunza kazi mikononi mwake, na mwanawe Salim akaiendeleza Camerapix. Wakfu wenye jina la Amin ukafundisha vijana wa Afrika picha za televisheni.

Jambo hili latuhusu sisi wa Rusizi. Mwaka 1994 maelfu ya watu walivuka mto wetu kwenda Bukavu, na picha zao zikaenea duniani. Aliyezitazama kwa mbali aliona wakimbizi tu. Hakujua kwamba katika kundi lile walichanganyika raia wasio na hatia na watu waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Uso wa mtu hausemi alilotenda. Ndiyo maana sharti la tatu ni zito kuliko yote, na anayeweza kulitimiza vizuri ni mtu ajuaye lugha na majina ya mahali.

Basi, ndugu zangu, mwenye kamera na ajifunze pia kuandika na kuuliza. Nanyi mliomaliza shule mkaijua kazi hii, mchukueni kijana mmoja mumfundishe.