Utangulizi: Kuwahudumia Walioumizwa na Watumishi wa Kanisa

Wengi huingia katika taaluma hii kwa kusukumwa na tukio. Katekista ameambiwa jambo na kijana baada ya mafundisho ya kipaimara, mtawa ameona binti fulani kaacha kwaya ghafla, mchungaji amesikia jina la mwenzake likitajwa. Kitabu hiki nimewaandikia wao.

Aliyenyanyaswa kingono na mtumishi wa Mungu hubeba jeraha la aina yake. Mara nyingi mkono uliomdhuru ndio uliompa komunyo, na aliyemwamuru anyamaze ndiye aliyemfundisha kusali. Ndiyo maana harufu ya ubani, kanzu ya padri au kuwekewa mikono kichwani, mambo yanayowafariji waumini wengine, huweza kumtia yeye hofu. Ukikutana naye, muulize angependa mkae wapi. Huenda akapendelea chini ya mwembe kuliko ofisi ya parokia. Mkiwa ndani, mwache akae karibu na mlango. Usimguse, wala usianze kumwombea, kabla hajakuruhusu.

Usimuulize pia mbona hakusema mapema. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza unyanyasaji wa watoto katika taasisi kati ya 2013 na 2017, ilikuta kwamba manusura waliozungumza nayo faraghani walichukua wastani wa karibu miaka 24 kabla ya kumweleza mtu.

Linalotushinda zaidi sisi watu wa kanisa ni msamaha. Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika kitabu chake cha 1992, alieleza hatua tatu za kupona: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi kuishi na watu. Sisi tuna haraka. Mtu hajamaliza hata kusimulia, tayari anahimizwa asamehe ili yaishe. Huko ni kumuumiza mara ya pili, nami nalisema bila kusita. Kama atasamehe, na lini, ni juu yake. Kazi yetu ni kumlinda asiharakishwe.

Maandiko yenyewe yanatusaidia. Huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Gerald West na wenzake wa Kituo cha Ujamaa wamekuwa wakisoma na waumini, katika vikundi vidogo, sura ya 13 ya Samweli wa Pili, yenye kisa cha kubakwa kwa Tamari, ambayo ni nadra kusikika mimbarani. Kikundi huulizwa Tamari alisema nini, kila mwanamume katika kisa hicho alifanya nini, na kama kanisani kwao wamo wanawake wenye kisa kama chake. Ukisoma polepole utaona kwamba Tamari alikataa waziwazi, akalia hadharani, kaka yake Absalomu akamwambia anyamaze, na mfalme Daudi, baba yake, akakasirika bila kuchukua hatua yoyote. Nimeona umuhimu wa kukaa sana kwenye hasira hiyo ya Daudi, kwa kuwa inafanana mno na ya viongozi wetu.

Uchungaji hauchukui nafasi ya sheria. Kama aliyeumizwa bado ni mtoto, usimhoji wewe mwenyewe, wala usikubali yamalizwe kwenye kikao cha wazee au cha parokia. Tanzania lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu ya watoto 116 inapatikana huko na Kenya pia. Siri ya kitubio nimeitengea sura yake.

Na tumaini? Nimelipata kwa manusura wenyewe. Marie Collins wa Ireland alinyanyaswa na padri hospitalini akiwa na miaka 13, naye mwaka 2014 aliteuliwa katika tume ya Papa ya kuwalinda watoto. Alijiuzulu mwaka 2017, na miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba ofisi moja ya Vatikani ilikataa kujibu barua za manusura. Alikuwa ameomba jambo dogo ambalo parokia yoyote inaliweza. Sura ya kwanza inaanzia hapo: jinsi ya kuijibu barua ya namna hiyo, isikae siku ngapi mezani, na nani aitie sahihi.